Jinsi ya kushindana na soko kubwa la mtandaoni ukiwa na karakana moja Jogoo Road

Nauza cherehani za mitumba. Karakana yangu iko Eastlands, karibu na Uhuru Market, na mtaa huohuo ndio ulionilea: baba alikuwa fundi wa vichwa vya cherehani za Singer, nami tangu darasa la tatu nilikuwa namshikia tochi. Kwa miaka minne niliuza mashine kupitia tovuti moja kubwa ya minada na matangazo. Kisha asubuhi moja ya Novemba, wakati mafundi wa sare za shule wanahangaika kutafuta mashine, akaunti yangu ikafungwa. Mnunuzi mmoja alikuwa ametia sindano ya kiwandani, ile ya shina la mviringo, kwenye Singer ya nyumbani. Mashine ikaruka mishono, akalalamika. Nilieleza, nikatuma picha, nikapiga simu. Siku kumi na tisa zilipita bila kumpata mtu hata mmoja upande ule anayejua tofauti ya sindano na sindano. Nilipofunguliwa, msimu ulikuwa umekwenda na mashine kumi na moja zimelala chini ya turubai.

Ndipo nikaanzisha soko langu. Sasa lina mwaka wa tano, na kila Jumanne usiku linauza mashine kati ya sita na kumi. Vijana huniuliza njia niliyopita, wengi wao wakiwa na mawazo ya masoko ya vipuri, vitanda, vifaa vya saluni. Naiandika hapa pamoja na mahali nilipojikwaa, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mtu mwenye karakana moja anaweza kusimama.

Tafuta bidhaa ambayo mkubwa haielewi

Wengi huanza kwa kusema, "Auntie, nataka kufungua kama ile tovuti, lakini ya kwetu." Usifanye hivyo. Ukitaka kuuza kila kitu utakuwa na televisheni tatu, kochi moja na viatu vya mtoto, na atakayeingia leo hana sababu ya kurudi kesho.

Hata eBay, tovuti ya minada ya Marekani, ilianza ikiwa ndogo. Pierre Omidyar aliifungua Septemba 1995 huko California, ikiitwa AuctionWeb, na kitu cha kwanza kinachosimuliwa kuuzwa humo ni kalamu ya leza iliyoharibika. Ilikwenda kwa dola 14.83, na aliyeinunua alikuwa mkusanyaji wa kalamu za leza zilizoharibika. Nimeifikiria sana hadithi hiyo. Kitu ambacho kwa wengine ni takataka kilipata bei kwa sababu kilimfikia mtu anayekijua. Tafuta watu wa namna hiyo mtaani kwako, na kitu chao.

Kuna jaribio ninalompa kila anayenijia. Kaa dukani au sokoni siku tatu, uandike maswali ambayo mnunuzi huuliza kabla ya kufungua pochi. Ukishapata kumi, nenda kwenye tovuti ile kubwa, ufungue tangazo la bidhaa hiyo, uone yapi yamejibiwa. Yakijibiwa saba au nane, achana na bidhaa hiyo. Yakijibiwa mawili, una kazi.

Kwa cherehani, kwenye tovuti niliyokuwa nikitumia, yalijibiwa mawili: bei na rangi. Mashine zangu zilikuwa zimewekwa pamoja na blenda na pasi. Lakini fundi wa mtaa wa Jericho hakuulizi rangi. Anauliza, "Mota ni ya klachi au ya savo?" Mota ya klachi ukiiwasha inazunguka tu, hata kama umenyanyua mguu kwenye kanyagio unakunja kola. Ya savo huzunguka unapokanyaga. Mtu anayenunua tokeni za stima kwa pesa yake mwenyewe anaiona tofauti hiyo kabla mwezi haujaisha. Swali kama hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye tangazo, na pengo hilo ndilo lililonipa biashara.

Mimi mwenyewe nilitamani kupanuka mapema. Mwaka wa pili niliweka friji za mitumba, kwa kuwa zilikuwa zikipatikana. Wanunuzi waliuliza kuhusu gesi na kompresa, nami nikawa najibu kwa kubahatisha. Nilisimamisha baada ya miezi miwili na kuwarudishia watu watatu pesa zao kutoka mfukoni.

Anza na watu wasiozidi hamsini, kwa miguu

Ugumu wa soko lolote ni kwamba muuzaji haji pasipo na wanunuzi, na mnunuzi haji pasipo na bidhaa. Mkubwa anatatua hilo kwa matangazo ya barabarani. Wewe litatue kwa kuchagua watu ambao ni wauzaji na wanunuzi kwa pamoja. Fundi wa nguo ni mtu wa namna hiyo: akipata oda ya sweta anauza mashine moja ili anunue ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa, akiishiwa kazi anauza ovaloki.

Nilinunua mashine nne kwa akiba yangu ili siku ya kwanza kuwe na kitu mezani. Kisha nikatembea Uhuru Market na Jericho kibanda kwa kibanda kwa majuma mawili. Sikubeba karatasi za matangazo. Nilibeba pakiti za sindano, kumikumi, namba 14 na 16, nikimwuliza kila fundi mashine yake ni gani na kumpa zinazoifaa. Juu ya pakiti niliandika namba yangu kwa kalamu ya wino mzito. Sindano huvunjika kila wiki, na kila ikivunjika pakiti hutolewa kwenye droo. Mafundi 37 walikubali kuingia kwenye kundi la WhatsApp. Niliwaomba ruhusa mmoja mmoja kabla ya kuwaingiza: ni adabu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu namba za simu za watu pia.

Wiki ya kwanza mashine nne zilipata wanunuzi watatu. Hiyo ilitosha. Soko la watu 37 ambao wote wanashona lina uhai kuliko la watu elfu tano wanaopita tu.

Kwa nini Jumanne

Bidhaa zikikaa wazi wiki nzima, watu wachache hupita kwa nyakati tofauti na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Ukiwakusanya saa moja, wanaonana, na bei inajitengeneza. Mnada una nguvu hiyo, na huhitaji kompyuta ya ajabu kuupata.

Siku yenyewe nilikosea mwanzoni. Niliweka Ijumaa, nikidhani watu wana mshahara. Mafundi hawana mshahara. Pesa ya kununua mashine kwa wanawake wengi wa hapa hutoka kwenye chama, kikundi cha kuchangiana pesa, zamu yao inapofika, na vyama vingi ninavyovijua hukutana Jumapili alasiri. Ikifika Ijumaa pesa imeshaliwa na karo, kodi na mgonjwa wa nyumbani. Jumatatu ni siku ya kupumua na kushauriana na mume au dada. Basi nikahamia Jumanne, saa mbili usiku, vibanda vikiwa vimefungwa na watoto wamekula. Mauzo yalibadilika mwezi huohuo. Chunguza pesa ya wateja wako inaingia lini, na kutoka wapi. Mkubwa ana msimu mmoja wa punguzo kwa nchi nzima, lakini wewe unaweza kujua kwamba chama cha wanawake wa kanisa fulani kinatoa zamu mwisho wa mwezi.

Namna ya kuendesha dau

Mashine ikiwekwa, ina bei ya kuanzia na hatua ya kupandisha, kwa kawaida shilingi 500. Anayetaka anajibu chini ya picha kwa kuandika kiasi. Binti yangu ndiye mshika daftari: anaandika saa, namba na kiasi.

Tatizo lililotusumbua ni wale wanaovizia. Anakaa kimya dakika hamsini na tisa, kisha sekunde ya mwisho anaongeza mia tano na kuchukua mashine, wakati yule mama aliyekuwa akipanda kwa uaminifu anaandika kwa kidole kimoja gizani. Mama mmoja alinililia kwa simu. Mpwa wangu anayesoma uchumi akanionyesha kwamba jambo hilo limekwisha kuchunguzwa: Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walilinganisha minada ya eBay, iliyofungwa kwa saa maalumu, na ya Amazon ya wakati ule, ambayo iliongezwa muda kila dau lilipoingia mwishoni. Wavizia wa dakika za mwisho walikuwa wengi zaidi kwa eBay. Tangu hapo kwetu dau likiingia ndani ya dakika tatu za mwisho, muda unaongezwa dakika tatu. Mashine moja imewahi kufungwa saa nne kasoro, lakini hakuna aliyelia tena.

Kuna fundi anayeshona hadi usiku na hawezi kushika simu. Huyo ananitumia kando kiwango chake cha mwisho, tuseme 31,000, nami nampandia hatua kwa hatua dhidi ya wengine, bila kuzidi hapo. Dau la wengine likikomea 27,500, analipa 28,000. eBay hufanya hivyo kwa programu, mimi nafanya kwa mkono. Lakini shika sharti hili bila kulegeza: kwa mashine ambayo ni mali yangu mwenyewe sipokei kiwango cha siri cha mtu yeyote. Ningejua ana 31,000, na shetani ana miguu mepesi. Niliwatangazia hilo siku ya kwanza.

Kila mashine ikishauzwa, bei yake inabaki kwenye tovuti yetu ndogo, na picha, na tarehe. Tovuti niliyotoka ilionyesha bei zinazoombwa tu. Sasa fundi anaweza kuangalia cherehani ya Juki kama yake ilikwenda kwa kiasi gani Machi, na ilikwenda mtaa gani, bila jina la mnunuzi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani hiyo ndiyo sababu hata wauzaji wa maduka ya River Road huingia kuangalia bei zetu kabla ya kupanga zao. Ukifanya jambo moja tu kati ya haya yote, weka kumbukumbu ya bei zilizouzia, iwe wazi kwa kila mtu.

Tangazo la mashine moja, hatua kwa hatua

Kizuri chajiuza, wanasema. Kwenye simu hakijiuzi. Mashine nzuri na mashine iliyobandikwa jina la bandia zikipigwa picha kwa mbali zinafanana kama mapacha. Kwa hiyo hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na hapa ndipo nakuomba usikimbie.

Tuseme imeletwa Juki DDL-8700, mashine ya mshono mmoja wa moja kwa moja, ambayo ndiyo inayopendwa sana na washona sare. Kwanza naifuta mafuta na vumbi, kwa maana uchafu huficha nyufa. Napiga picha bamba la namba kwa karibu, na misumari yake midogo. Misumari iliyokwaruzwa inaniambia bamba limewahi kung'olewa. Nalaza kichwa nyuma na kupiga picha ya chini, kwenye trei ya mafuta: mafuta meusi yenye chembe zinazong'aa yanamaanisha chuma kinasagika mahali fulani. Nazungusha gurudumu kwa mkono, simu ikirekodi sauti. Mashine nzima hutoa mlio mmoja wa taratibu, kama mtu anayepumua usingizini. Ikigonga mara moja kila mzunguko, nasema hivyo kwenye tangazo.

Kisha nashona. Kitambaa cha kwanza ni kaki ya kaptula, mikunjo minne, maana hapo ndipo mashine dhaifu husimama. Cha pili ni satini nyepesi, kwa sababu mashine iliyokazwa kwa ajili ya kaki huivuta satini ikawa kama ngozi ya mzee. Kisha nageuza kitambaa. Watu wengi huonyesha juu tu. Chini ndiko unapolala uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, na uzi wa juu ukionekana huko umelegea kama vitanzi, ama kikaza uzi kimechoka ama taimingi, yaani mpatano wa sindano na ndoano, imepotea. Video nzima haizidi dakika moja na nusu.

Maandishi yanaanza na kasoro. Sio katikati, sio mwisho. "Meza imeungua kona ya kulia. Kinyanyua mguu cha goti hakipo. Mota ya klachi. Imetumika kiwandani, imefunguliwa na kusafishwa wiki hii." Baada ya hapo ndipo uzuri wake. Mara ya kwanza muuzaji alinigombeza: "Dada, unaniharibia!" Mashine yake ikaenda kwa bei ya juu kuliko ile ya jirani yake aliyenikataza kutaja kasoro. Wanunuzi walikuwa wameshajifunza kwamba tusichokitaja hakipo.

Andika kwa maneno ya wateja wako. Watu hutafuta "mashine ya vifungo", "mashine ya sweta", "cherehani ya miguu". Ukiandika lugha ya katalogi, hawatakuona.

Pesa na ada

Usijenge mfumo wako wa malipo. eBay ilinunua PayPal, mfumo wa malipo ya mtandaoni, mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5 kwa sababu wateja wake walikuwa wameshaichagua wenyewe. Kwetu wateja walishachagua M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, na hakuna sababu ya kuwafundisha kitu kingine.

Mimi sishiki pesa za watu. Ukianza kupokea fedha za wanunuzi na kuzihifadhi hadi mzigo ufike, unaingia kwenye eneo la Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Kitaifa ya 2011 na Benki Kuu. Badala yake mashine zote hulala kwangu. Mnunuzi anakuja Jumatano, anakaa kwenye kiti, anashona kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha anamlipa mwenye mashine moja kwa moja mbele yangu. Mwenye mashine ananilipa ada: 1,500 kwa kichwa cha kiwandani, 600 kwa Singer ya miguu. Kwa kuwa mashine iko kwangu, hakuna anayenizunguka wakamalizana kando, na huo ndio ugonjwa unaoua masoko madogo mengi.

Mwanzoni nilipokea malipo ya mashine zangu kwa namba yangu ya simu. Mnunuzi mmoja alichukua kichwa cha ovaloki, akafika barabarani akaomba pesa zirudishwe, akidai alikosea namba. Mwingine alinionyesha ujumbe wa malipo uliotengenezwa. Sasa natumia tili, namba ya M-Pesa ya biashara, na mashine haiondoki mezani kabla sijaangalia salio kwa macho yangu, hata kama mteja ni shemeji.

Usiseme "kwetu ni bure" ili kumpiga mkubwa. Watu hutaja mfano wa Uchina, ambako soko la mtandaoni la Taobao lilianza Mei 2003 bila kuwatoza wauzaji na eBay ikashindwa. Ni kweli, lakini nyuma ya Taobao kulikuwa na kampuni ya Alibaba yenye pesa za kusubiri miaka. Wewe una kodi ya karakana. Cha kuiga pale ni kingine: Taobao iliwapa mnunuzi na muuzaji mahali pa kuzungumza papo hapo na kupatana. Alipay, mfumo wao wa malipo, nao ulishika pesa hadi mzigo ufike, ila hilo mimi silifanyi, kama nilivyosema. eBay ilikuwa imetumia dola milioni 30 mwaka 2002 na milioni 150 mwaka uliofuata kuinunua EachNet, tovuti ya Wachina wenyewe, na bado mwishoni mwa 2006 iliamua kuifunga tovuti yake kuu huko na kuungana na kampuni ya wenyeji. Japani eBay iliondoka mapema zaidi. Yahoo! Japan ilikuwa imeanza minada Septemba 1999, eBay ikafika Februari 2000 ikitoza ada na kutaka kadi ya mkopo, na mwaka 2002 ikafunga. Miezi mitano ya kutangulia ilitosha, kwa sababu waliotangulia walikuwa wamekaa karibu na watu. Mimi nikisoma hayo nawaona wanawake wa soko la Gikomba. Nani wa Nairobi ananunua kitu cha elfu thelathini bila kuuliza "bei ya mwisho ngapi"?

Usafiri

Kichwa cha mashine ya kiwandani kina uzito wa karibu kilo 28, na kinahitaji watu wawili au mmoja mwenye mgongo mzuri. Kwa wateja wa nje ya Nairobi tunatuma kwa matatu za masafa, mizigo ikipokelewa Nyamakima au River Road kutegemea njia. Mwaga mafuta yote kwenye trei, uipanguse, uache kichwa kimelala kwenye gazeti usiku kucha, ndipo ukifunge. Mimi sikufanya hivyo kwa mashine moja iliyokwenda Kisii. Mafuta yalipenya katoni yakaharibu magodoro mawili ya abiria mwingine, na niliyalipa yote mawili.

Fungia mguu wa kushikilia kitambaa chini, juu ya kipande cha kitambaa kilichokunjwa. Ondoa sindano. Mota isafiri kwenye katoni yake. Mteja wa mbali namwonyesha mashine ikishona kwa simu ya video kabla hajalipa, na nina mafundi katika miji mitano ambao wanaifungua na kuikagua ikifika. Nawalipa 300 kwa kila mashine.

Mambo ya leseni

Kenya ina Sheria ya Madalali ya 1996, na dalali anapaswa kuwa na leseni ya bodi inayohusika. Kabla ya kubandika neno "mnada" kwenye tovuti yako, tafuta wakili, umweleze hasa unachofanya, ulipe ada yake. Mimi kwa ushauri huo, mashine za kiwanda kinachofunga milango huuzwa na dalali mwenye leseni, nami nafanya ukaguzi na maelezo. Sajili jina la biashara na uweke hesabu za ushuru tangu mwezi wa kwanza.

Mkubwa akigeuka kukutazama

Usimkimbie wala usimtukane. Mimi bado nina matangazo kwenye tovuti kubwa: uzi, bobini, mikanda, mafuta ya mashine, vitu ambavyo havina maswali mengi. Wateja huko ni wengi kuliko nitakavyowahi kuwa nao, na anayenunua mkanda leo ana cherehani nyumbani. Fuata kanuni zao kikamilifu, ila usiweke huko kitu ambacho ukifungiwa wiki tatu watoto wako watalala njaa. Nasi tumeona hata wakubwa huondoka: mwaka 2019 tovuti ya matangazo iitwayo Jiji ilinunua shughuli za mwenzake, OLX Kenya, na wauzaji waliokuwa na wateja mahali pamoja tu ilibidi wajipange upya.

Mwaka juzi tovuti ile iliyonifungia ilifungua ukurasa wake wa cherehani, ikapunguza ada na kuahidi kupeleka hadi mlangoni. Kwa wiki tatu Jumanne yangu ilipoa, mashine nne, tatu, mbili. Sikupunguza ada. Nilirudi kwenye vibanda na sindano zangu, nikawauliza mafundi wamenunua nini huko na inashonaje, na nikawaambia wazi kwamba walete hapa mashine yoyote, hata isiyo yangu, niikague.

Wiki ya nne mama mmoja wa Jericho akaja na boda, amepakata kichwa kipya cha kunukia rangi. Tulikilaza mezani. Kaki mikunjo miwili kilipita, minne kikaruka. Nilifungua bamba la koo, lile lililo chini ya sindano, nikalegeza ndoano ya bobini, nikazungusha gurudumu kwa mkono hadi ncha ikakutana na sindano juu kidogo ya tundu, nikakaza skrubu tatu. Tukashona tena, yeye mwenyewe akikanyaga. Akageuza kitambaa, akapitisha ukucha chini ya mshono, akanyamaza kidogo.

"Ngapi, fundi?"

"Mia tano."

Alilipa, akaangalia zile mashine zilizopangwa ukutani zikisubiri Jumanne, akauliza kama nafasi moja imebaki. Ile yake ya zamani ilikuwa bado nyumbani.